Paka wa Nani?

Neno "mwenye" ni dogo, lakini limebeba mizigo isiyofanana. Mwenye nyumba ni mtu anayedai kodi. Mwenye homa ni mtu anayeomba aletewe maji. Sarufi haiwatenganishi, wote wawili ni wenye. Wa kwanza anaweza kukiuza alichonacho, wa pili angemgawia yeyote bure, naye asipate wa kupokea. Nimelitumia neno hili miaka mingi katika tungo zangu kwa ajili ya mizani tu, mpaka mtaani kwetu, katika Mji Mkongwe wa Unguja, walipogombana majirani wawili juu ya paka, na mimi nikapewa kalamu niandike ni nani mwenye paka.

Asiyeujua Mji Mkongwe inafaa aelezwe kwamba nyumba zake hazikusimama, zimeegemeana. Ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili, na mapaa ya mabati yamefuatana kiasi kwamba mtoto mwepesi angeweza kwenda mbali bila ya kukanyaga ardhi. Watoto tunawakataza. Paka hakatazwi. Sisi huku chini tuna vichochoro, milango na vitasa. Paka huko juu ana mji mwingine usio na mlango hata mmoja. Kijana mmoja wa mtaani, anayejifunza kutunga, alisema kwamba paka ni mpaka uliopungukiwa na herufi moja. Nilimwambia mzaha huo ni mwepesi mno kutiwa katika shairi, lakini sijausahau.

Wa kwanza katika ugomvi huu ni Bi Mkubwa, mjane, mwenye nyumba ya kona. Kila siku baada ya sala ya alasiri hutoka na sinia ya vichwa vya samaki alivyopewa na wauzaji wa Darajani, akaketi barazani, akaita. Huita kwa majina. Kuna Kaniki, mweusi kama nguo yenyewe. Kuna Karafuu, wa rangi ya hudhurungi. Kuna Bibi Harusi, mweupe, asiyependa kuguswa. Na kuna wengine ambao majina yao hubadilika. Huja kumi, siku nyingine kumi na watano. Nyuma yao, mbali kidogo, husimama shume mmoja mwenye sikio lililochanika, asiyeitwa kwa jina lolote, akangoja wenzake washibe.

Wa pili ni Mzee wa nyumba ya nyuma, baharia mstaafu, anayefuga njiwa juu ya paa. Njiwa hao ni wa mwanawe aliyehamia Maskati kutafuta maisha, akamwachia baba tundu la mbao na jozi nne. Kila Ijumaa Mzee huwapiga picha kwa simu na kuzituma Omani, na mwana huko huwahesabu. Ndiyo maana njiwa walipoanza kupungua, habari haikuweza kufichwa.

Walipungua watatu katika mwezi mmoja. Manyoya yalionekana juu ya bati la Bi Mkubwa. Mzee hakwenda kugonga mlango, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa jirani wa miaka thelathini na shutuma mkononi. Mkewe alipita mbele ya baraza amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Siku ya pili yake Bi Mkubwa akenda khitmani na ya kwake: "Umdhaniaye ndiye siye". Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuambiwa kwamba kanga ni barua isiyo na bahasha, na kwamba mwandikiwa huijua hata ikipita mbele ya watu mia. Ziliendelea barua hizo kwa wiki mbili. Mimi, kwa ule ugonjwa wetu sisi wapenda maneno, nilikuwa nikizisoma kwa hamu kutoka dirishani.

Hamu hiyo ilikatika asubuhi tuliyomkuta Karafuu amekufa chini ya ngazi, mdomo umejaa povu. Aliyeweka sumu hakujulikana, na mpaka leo hajulikani. Mtaa una panya wengi, na sumu ya panya si kitu cha kutafutwa mbali. Lakini Bi Mkubwa aliacha kuitikia salamu ya Mzee. Mtu akikosana na jirani anaweza kuacha kumpelekea mchuzi, anaweza kuacha kumwazima kinu, na mambo yakaenda. Akiacha kuitikia salamu, hapo pamebaki kuta tu. Juu ya hayo, pale alipokufa Karafuu ndipo watoto wa chuo wanapokaa wakila ubuyu. Sheha akatuita.

Mimi sikuitwa kama shahidi. Niliitwa kwa kuwa naandika. Sheha alitaka hati fupi, kila upande uitie saini, na alitaka sentensi ya kwanza itaje mwenye paka, ili sentensi zinazofuata ziwe na mtu wa kumshika.

"Mimi sina paka, Sheha," alisema Bi Mkubwa. "Hawa si paka zangu. Wanakuja, nawapa, wanakwenda. Nikimpa maskini maji mlangoni kwangu, naye akatoka akaiba kwa jirani, mtanifunga mimi?"

"Maskini huyo, dada yangu," alijibu Mzee, "humwiti kwa jina kila alasiri."

Bi Mkubwa akamjibu kwa methali: paka wa nyumba haingwa. Kitenzi hicho, "inga", wengi wa vijana hawakijui tena. Ni kazi ya kuwafukuza ndege wasile mpunga shambani, na wengine husema "winga". Maana ya methali ni kwamba aliyezoea nyumbani hafukuzwi kama mgeni. Mzee aliposikia hivyo alicheka, mara ya kwanza kwa mwezi ule. "Basi ni wa nyumba," akasema. "Sheha, umesikia mwenyewe. Ni wa nyumba." Sheha akaniashiria niandike. Bi Mkubwa akanitazama, akasema, "Mwanangu, usiandike." Nikaiweka kalamu chini. Alipojaribu kusema kwamba habari ya njiwa ni ya mwezi uliopita, na kwamba yaliyopita yamepita, Mzee alimjibu kwa methali vilevile: mwenye kovu usidhani kapoa. Neno "mwenye" likawa limeingia barazani kwa mlango mwingine.

Nilikuwa nikiisikiliza sarufi yao, na hapa naomba ruhusa ya kupotoka kidogo. Kwa Kiswahili cha wazee wetu, mnyama mmoja hupokea umiliki kama mtu: paka wangu, ng'ombe wangu. Wakiwa wengi hurudi katika ngeli yao: paka zangu, ng'ombe zangu, kama tusemavyo ndugu zangu na rafiki zangu. Vitabu vingine vya shule husahihisha "zangu" hiyo kwa kalamu nyekundu na kuweka "wangu" kote. Mimi naona wanafuta kitu chenye faida. Bi Mkubwa alikana kwa wingi, na alikuwa mkweli: hakuna mtu mwenye paka kumi na watano katika mji huu. Hakuna aliyemwuliza kwa umoja.

Kitenzi nacho kilitusumbua. Nilipendekeza "mfugaji". Kufuga ni neno la watu wa kuku na ng'ombe, na mifugo ni mali inayochinjwa, kukamwa au kuuzwa. Paka hahesabiwi humo. Lakini tunafuga vilevile ndevu, na tunafuga kucha. Na mtu asiyekwenda hospitali tunamwambia anafuga maradhi. Katika matumizi hayo kufuga si kutunza. Ni kukiacha kitu kikue kwa sababu hukukikata. Nikatazama wale kumi na watano barazani, nikaona kwamba mtaa mzima ulikuwa ukiwafuga kwa maana hii ya pili. Mwuza samaki aliyetoa vichwa, sisi tuliofurahi kuona panya wamepungua, wageni waliowapiga picha vichochoroni, wote tuliwaacha wakue. Bi Mkubwa ndiye pekee aliyewaacha wakue hadharani, kwa sinia na kwa saa maalumu, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa na anwani ya kupelekewa mashtaka.

Hata hivyo hilo halikumtoa Mzee machozi yake. Jozi nne zilikuwa zimebaki njiwa watano, na mwana yuko Omani akihesabu.

Wakati wanabishana nilikuwa nikiikumbuka ngano ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliipokea kwa wasimulizi wa hapa hapa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Wengi tunaikumbuka kwa ajili ya nunda mla watu na kijana mdogo wa sultani anayemsaka, kila mara akileta mnyama asiye, na mama yake akimwimbia kwamba siye. Mwanzo wa nunda huyo huwa tunaupita haraka. Nunda alikuwa paka wa nyumbani kwa sultani. Akala ndama; watu wakaenda kushtaki, na sultani akawaambia kwamba paka ni wake na aliyeliwa ni wake pia, wamwache. Paka akapanda daraja, kutoka mnyama hadi mnyama, kisha akaanza kuwala watu, na jibu likawa lilelile. Siku alipowala wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani akatambua kwamba yule si paka. Ni nunda.

Nimeisoma ngano hii mara nyingi, na kila nikiisoma namwona sultani kuwa stadi wa lugha kuliko wote waliomo. Alitumia "wangu" kuwafunga watu midomo: kwa kuwa ni wangu, hamna la kusema. Maafa yalipomfikia akabadilisha jina, na kwa jina jipya mnyama hakuwa wake tena. Mtaani kwetu tunafanya vivyo hivyo kwa mizani ndogo zaidi. Akimkamata panya, ni paka wetu. Akimkamata kifaranga, ni shume la mtaani. Bi Mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili wa hila hiyohiyo. Yeye alisema si wangu, basi msiniulize. Sultani na mjane, mmoja anadai na mmoja anakana, na jirani amebaki na manyoya mkononi.

Sikuyasema hayo barazani. Kumfananisha mwanamke mzima na Majinuni mbele ya Sheha si adabu.

Aliyetufungulia njia ni Maalimu wa chuo cha hapo jirani. Bi Mkubwa alikuwa ameileta hadithi anayoijua kila Mwislamu, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Alitaka kuonyesha kwamba yeye anajikinga na adhabu ile. Maalimu akamkubalia, akasema kulisha kwake kuna ujira. Kisha akasema kwamba hadithi ile haikumwondolea mtu dhamana. Akataja Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanachuoni wa Kishafi wa pwani hii wamekidurusu vizazi kwa vizazi. Humo, alisema, paka hakusahauliwa. Paka akiharibu ndege au chakula, na ikiwa hiyo ni tabia yake iliyokwisha kujulikana, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Ikiwa haikujulikana kwake, halipi. Hiyo ndiyo kauli aliyoiona Imam kuwa sahihi zaidi.

Sheha akauliza swali letu lilelile: mwenyewe ni nani?

Maalimu akasema washereheshaji wa kitabu hicho walikwishajiuliza, kwa kuwa paka si ngamia, hana alama ubavuni wala hanunuliwi mnadani. Wakasema mwenye paka, katika suala hili, ni yule anayempa hifadhi kwa kukusudia, kiasi kwamba paka akikosekana ataona pengo, na atamtafuta.

Ninaiandika kauli hiyo polepole hapa kwa sababu niliisikia polepole. Asili ya kitabu ina neno la kumiliki, ambalo sisi tumelifanya "mmiliki" na kulitia katika hati za viwanja. Washereheshaji wakalitoa kwenye viwanja wakalileta mlangoni, usiku, mtu akiwa na taa mkononi anaita jina kichochoroni. Huyo ndiye mwenye. Si kama mwenye nyumba, na si kama mwenye homa, ingawa ana kitu cha kila mmoja wao.

"Sasa, Bi Mkubwa," alisema Maalimu, "katika hawa, nani akikosekana leo utamtafuta?"

Alikaa kimya muda mrefu. Karafuu alikuwa amekufa wiki ile na wote tulijua ni nani aliyezunguka mtaa mzima siku mbili akimwulizia kabla hajapatikana. Hakuna aliyelisema. Mwishowe akasema, "Kaniki. Kaniki akilala nje mimi silali." Akanyamaza tena. "Huyo ni paka wangu. Hawa wengine ni wageni."

Umoja, na "wangu".

Hapo Mzee angeweza kudai. Mwenyewe amepatikana, njiwa wamepungua, na hakuna aliyekuwa juu ya paa kushuhudia. Alisema, "Kaniki sijapata kumwona kwangu juu. Na kwa ule unene, hawezi kuruka." Bi Mkubwa akamwambia kwamba Kaniki si mnene, ni manyoya. Walikuwa hawajasemezana moja kwa moja tangu Karafuu afe.

Hati yenyewe ni karatasi moja. Katika sentensi ya kwanza nilikuwa nimejaribu "mlishaji", Sheha akasema linanuka banda la kuku. "Mfugaji" alilikataa Bi Mkubwa, akisema yeye hachinji. "Mmiliki" nililikataa mimi. Tukaandika kwamba Bi Mkubwa ni mwenye paka mmoja mweusi aitwaye Kaniki, na kwamba Kaniki akiharibu cha mtu kuanzia siku ile, atalipa. Wengine wataendelea kulishwa, lakini ndani ya ua wa nyumba badala ya barazani, na mabaki yaondolewe kabla ya magharibi, kwa kuwa chakula kinacholala nje ndicho kinachowaita wasiojulikana. Mafundi wa mifugo wakija mtaani, paka wapelekwe wakahasiwe, na gharama ichangwe na nyumba zote za kichochoro. Sharti hili ndilo lililobishaniwa zaidi, kwa sababu watu wengi waliokuwa na maoni makali juu ya paka waligundua ghafla kwamba hawahusiki. Mzee atalitia tundu wavu wa chuma wenye matundu madogo na kulifunga kila jioni. Hakuna atakayeweka sumu mahali pa wazi, awe anamkusudia panya au asiwe. Sharti la mwisho lilisomwa mara mbili, huku kila mtu akitazama miguu yake.

Nilipendekeza tuongeze kwamba majirani wataamkiana. Sheha akalifuta. Alisema salamu haiandikiwi hati, na nadhani alikuwa na haki.

Imepita miezi minane. Bibi Harusi na wengine sita wamehasiwa. Kaniki pia, na amezidi manyoya. Tundu lina wavu. Mwana wa Omani ametuma fedha za jozi mpya, na picha za Ijumaa zinaendelea. Bi Mkubwa huitikia salamu, si kwa urefu wa zamani, lakini huitikia.

Yule shume wa sikio lililochanika hati haikumtaja. Hakuna aliyemdai, hakuna aliyemkana, na hajapata kuingia uani kula na wenzake. Usiku nilikuwa nikimsikia akipita juu ya bati langu kuelekea kwa Mzee, akazunguka wavu, akarudi. Juzi baada ya isha Mzee alinisimamisha kichochoroni. Alitazama kwanza dirisha la Bi Mkubwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemwona yule mshenzi wa sikio bovu, maana leo ni usiku wa nne hajapita.